Mwenye Dhamana Awe Mmoja: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Mawe, Mji wa Kale, Mombasa

Kijitabu hiki ni chako wewe mwenye nyumba Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze au Mkanyageni, unayetaka kukarabati roshani iliyolegea, kuziba sakafu ya juu inayovuja, au kuongeza choo orofani. Tunakushauri jambo moja: anayechora na anayejenga wawe chini ya mkandarasi mmoja, na huyo ndiye umdai kazi ikiharibika.

Ugomvi wa kawaida huanza hivi. Mwenye nyumba amemlipa mchoraji, akapata ramani yenye mihuri yote. Akaipeleka kwa fundi mwenye bei nafuu. Masika ya kwanza maji yakapenya, rangi ikavimba, kipande cha dari kikaanguka. Mchoraji asema ramani yake haina kosa, fundi ndiye aliyebana vifaa. Fundi asema alifuata karatasi. Huenda wote wawili wanasema kweli, na mwenye nyumba analipa mara ya pili.

Yaliyofichwa na plasta

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizopanga upana wa vyumba. Hazivuki vizuri zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Anayevunja ukuta wa kati apate sebule pana huenda anaondoa kilichobeba orofa nzima.

Sasa tazama boriti pale inapoingia ukutani. Ukiigonga katikati ya chumba ni ngumu kama chuma. Bandua plasta shubiri moja kandokando ya kichwa chake, uchomeke msumari kwa mkono. Mara nyingi unazama wenyewe, kwa sababu mti umekuwa unga. Mkosaji mara nyingi ni saruji iliyopakwa nje miaka ya nyuma kwa nia njema. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufunga unyevu na chumvi ya bahari ndani, na unyevu ukikosa njia hukimbilia kwenye vichwa vya boriti.

Hakuna anayeyaona hayo kwa kupima chumba kwa futi kamba. Yanaonekana siku plasta inapobanduliwa, na uamuzi unahitajika siku hiyohiyo, fundi akiwa juu ya jukwaa: boriti ibadilishwe yote au iungwe? Ukuta upunguziwe mzigo kwanza? Ikiwa mchoraji ni mtu wa mbali asiyehusika tena, ama kazi inasimama wiki nzima, ama fundi anaamua kimyakimya na kufunika. Hilo la pili ndilo linalotutia hofu.

Mafundi wakuu wa mwambao walipokea kazi nzima. Walipima kwa dhiraa, wakaamua madaka yakae wapi, wakachagua boriti kutoka katika korija, wakasimamia chokaa kuanzia tanurini. Fort Jesus ilikuja kwa njia nyingine. Giovanni Battista Cairati, Mwitalia aliyewatumikia Wareno, alichora ngome, ujenzi ukaanza 1593, na wengine wakajenga. Ngome ingali imesimama, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa jengo jipya juu ya mwamba, ramani yaweza kutangulia yote. Kwa nyumba kongwe inayofunuliwa kidogo kidogo, ramani hubadilika kila plasta inapobanduliwa.

Kuwajibika si kufanya yote

Mkandarasi wako hatachora kila kitu mwenyewe, wala sheria haimruhusu. Ramani za jengo zitoke kwa msanifu majengo aliyesajiliwa, na hesabu za mzigo kwa mhandisi aliyesajiliwa. Yeye ndiye awaajiri na awalipe, na makosa yao yawe makosa yake mbele yako. Mkandarasi naye awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Daraja ni NCA 1 hadi NCA 8, na kila daraja lina kiwango cha kazi linachoruhusiwa. Uliza leseni ya mwaka huu, si ya mwaka jana.

Kibali cha kaunti peke yake hakitoshi. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana mamlaka juu ya majengo yake chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Pita kwenye ofisi yao ya uhifadhi kabla hujagusa mlango wa nakshi au roshani.

Jicho la pili

Njia hii ina hatari yake, na hatutaificha. Anayechora, anayejenga na anayetaja bei akiwa mmoja, nani atamkagua? Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ndiyo iliyofanya upembuzi yakinifu wa reli ya Mombasa hadi Nairobi, kisha ikaijenga. Treni za abiria zilianza 2017, lakini mabishano kuhusu gharama yaliendelea bungeni na mahakamani. Swali hilohilo liko sebuleni kwako.

Kwa hiyo mlipe wewe mwenyewe mkaguzi asiyefungamana na mkandarasi. Aje plasta inapobanduliwa, arudi kabla boriti mpya hazijafunikwa, na aje tena baada ya masika.

Usikubali bei moja ya mwanzo kwa kazi yote. Mkataba wa kwanza uwe mdogo, wa kufunua na kuchunguza tu. Bei ya ujenzi itajwe baada ya vichwa vya boriti kuonekana. Andikeni chokaa kwa jina lake, na mwandike kwamba saruji haitapakwa juu ya ukuta wa matumbawe. Kila malipo yazuiliwe sehemu, itolewe tu masika yakipita na sakafu isivuje. Mkandarasi akikikataa kipengele hiki cha mwisho, tafuta mwingine kabla plasta haijaguswa.