Miwani ya VR darasani na kwenye filamu: inafaa wapi, na pa kuanzia ni wapi

Wanafunzi wengi wa Tanzania wamesoma habari za nyayo za Laetoli. Waliowahi kuziona ni wachache mno. Nyayo hizo za Ngorongoro, zilizochimbuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey, zina umri wa takriban miaka milioni 3.6, na katika miaka ya 1990 wahifadhi walizifunika upya ili mvua, mizizi ya miti na miguu ya watu visiziharibu. Mwaka 2015 watafiti, wakiwemo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakachimbua nyayo nyingine jirani na zile za kwanza. Safari hii zilipigwa picha nyingi kutoka pande mbalimbali, kompyuta ikaziunganisha na kupata umbo la pande tatu lenye vipimo. Umbo la namna hiyo haliozi wala halikanyagwi. Mwanafunzi wa Newala mwenye kifaa anaweza kuligeuza, kulisogelea na kupima urefu wa unyayo. Akivaa miwani ya VR, anaweza kusimama kando yake.

Nimeanza na mfano huo kwa sababu teknolojia hii inauzwa kwa maneno makubwa, na mwalimu au mtengeneza filamu anayefikiria kutoa pesa anahitaji kipimo chake mwenyewe. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: je, miwani inampeleka mtu mahali ambapo mwili wake hauwezi kufika? Laetoli inafaulu kipimo hicho. Ukurasa wa kitabu uliopigwa picha na kuonyeshwa ndani ya miwani haufaulu, hata ukipambwa vipi.

Aina tatu zinazochanganywa

Ya kwanza ni uhalisia pepe, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake, VR. Miwani inafunika macho yote mawili, kila jicho linapewa picha yake, na vihisi vinafuata mwendo wa kichwa ili mandhari igeuke pamoja nawe. Ya pili ni uhalisia ulioboreshwa, yaani AR: unaendelea kuona chumba chako, ila juu ya meza panatokea kitu kilichochorwa na kompyuta, labda moyo unaodunda. Kwa AR simu janja inatosha, na ndiyo iliyotumika katika mchezo wa Pokémon Go uliotoka mwaka 2016. Ya tatu ni video ya nyuzi 360, iliyopigwa kwa kamera inayoona pande zote kwa wakati mmoja. Hii unaweza kuitazama juu, chini na nyuma, lakini huwezi kutembea ndani yake wala kushika kitu. Muuzaji akikuambia ana "masomo ya VR", mwulize kwanza kama mwanafunzi anatenda au anatazama tu. Bei na faida vinategemea jibu hilo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mtengeneza filamu Morton Heilig alipata hataza ya Sensorama, mashine ya kutazamia filamu yenye upepo na harufu, mwaka 1962. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kizito kiasi kwamba kilining'inizwa kwenye dari. Kilichobadilika ni bei. Skrini na vihisi vilivyotengenezwa kwa ajili ya simu ndivyo vilivyoishusha, kuanzia kampuni ya Oculus ilipochangisha fedha kutoka kwa umma mwaka 2012. Miwani ya Meta Quest 3S ilianza kuuzwa mwaka 2024 kwa dola 299 za Marekani. Mwaka huohuo Apple Vision Pro ilianza kwa dola 3,499. Shule isihangaike na hiyo ya pili.

Darasani: ushahidi unasema nini

Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka katika kazi za mikono. Mwaka 2002 watafiti wa Yale waliwagawa madaktari 16 waliokuwa wakijifunza upasuaji. Nusu yao walifanya mazoezi kwenye mashine ya kuigiza upasuaji, mikono ikishika vifaa na macho yakitazama skrini. Walipoingia chumba cha upasuaji kutoa kibofu cha nyongo, waliofanya mazoezi hayo walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 29, na wale wengine walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kibofu au kuunguza nyama isiyohusika. Mkono ulikosea kwenye mashine, mahali ambapo kosa halimuumizi mgonjwa.

Masomo ya kuelewa dhana yana habari tofauti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Guido Makransky na wenzake wa Copenhagen waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maabara ileile ya kuigiza, mara kwenye kompyuta ya kawaida, mara ndani ya miwani. Ndani ya miwani wanafunzi walijihisi wako maabara kweli, lakini walijifunza kidogo kuliko kwenye kompyuta. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla, Jocelyn Parong na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara walilinganisha somo la damu ndani ya miwani na somo hilohilo kwenye slaidi. Wenye miwani walifurahia zaidi, wenye slaidi wakafaulu zaidi. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo kila mwalimu wa hapa anaweza kulifanya kesho: walilikata somo la miwani vipande vipande, na baada ya kila kipande mwanafunzi akaandika muhtasari. Hapo kujifunza kulipanda.

Ubongo uliojaa mandhari mpya kila upande hauna nafasi kubwa ya kupanga mawazo. Lazima upewe muda wa kutua. Kwa hiyo somo zuri la VR lina dakika chache za miwani na dakika nyingi za kalamu.

Jeremy Bailenson wa Stanford, aliyeitafiti VR kwa miaka mingi, anashauri itengewe mambo ya hatari, mambo yasiyowezekana, mambo ya gharama kubwa, na yale ambayo ukiyafanya kweli unaleta madhara, kama kukata msitu ili mtu aone msitu unavyokatwa. Chukua mtaala wa somo lako na penseli, uweke alama kwenye mada zinazoingia humo. Katika biolojia ya sekondari safari ya ndani ya seli itaingia. Katika jiografia volkano itaingia. Katika historia, Kilwa Kisiwani. Magofu yake yamepimwa kwa leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na ndani ya umbo lake la kompyuta mwanafunzi anaweza kuona jinsi kasri la Husuni Kubwa, lenye bwawa la pembe nane, linavyoitazama bahari. Mada nyingine zote ziache kwenye ubao na kitabu, bila kuona aibu.

Sasa darasa lenye wanafunzi 60 na miwani moja. Usiwapange foleni, maana wa mwisho atavaa kengele ikilia. Unganisha miwani na projekta ili wote waone anachokiona mvaaji. Mvaaji awe mtalii anayeelekezwa na darasa: "geuka kushoto, soma maandishi yale, hesabu milango." Waliokaa wachore ramani ya mahali hapo kwa kumsikiliza tu. Baada ya dakika tano vua, andikeni, halafu avae mwingine. Swali la kutafutiwa jibu liandikwe ubaoni kabla miwani haijatolewa kwenye boksi. Bila swali, mnacheza.

Pasipo na miwani kabisa, video ya nyuzi 360 inafunguka kwenye simu ya kawaida na kuzungushwa kwa kidole. Kama simu haina jairoskopu, kihisi cha mzunguko ambacho simu nyingi za bei nafuu hazina, picha haitafuata kichwa. Kijaribu kabla hujanunua kisanduku cha karatasi cha kuwekea simu. Kwa fizikia na kemia, maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado yamo kwa Kiswahili pia, ni ya bure, na yakishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Hayazamishi mtu popote, ila mwanafunzi anatenda, na kwa mada nyingi hilo ndilo lenye uzito.

Onyo moja la ununuzi. Google ilianzisha Expeditions mwaka 2015, safari za darasa kwa simu na visanduku vya karatasi, walimu wa nchi nyingi wakazijengea masomo. Mwaka 2021 programu hiyo ikafungwa. Kabla shule haijasaini, iulize: programu ikifungwa, tutabaki na nini? Inafanya kazi bila bando? Betri inadumu vipindi vingapi? Maelezo yako kwa lugha gani? Kama ni Kiingereza kitupu, zima sauti, mwalimu asimulie mwenyewe. Nadhani mara nyingi atasimulia vizuri zaidi.

Filamu: mtazamaji yuko katikati

Kwenye ngoma watu huzunguka mchezaji. Katika filamu ya nyuzi 360 mambo yanageuka: mtazamaji anasimama katikati na mchezo unamzunguka. Mwongozaji anapoteza fremu, na pamoja nayo anapoteza silaha zake za kawaida. Hawezi kumlazimisha mtu atazame machozi ya mhusika, kwa kuwa mtu huyo anaweza kuwa ameugeukia mlango.

Kazi zilizofanikiwa zilikubali hasara hiyo na kutafuta nguvu mahali pengine. Clouds Over Sidra ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Gabo Arora na Chris Milk, inamkalisha mtazamaji katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, Jordan, akimsikiliza msichana wa miaka 12 kutoka Syria. Watoto wanamzunguka pande zote, na hana pembeni pa kujificha. Mwaka 2017 Alejandro González Iñárritu alipeleka Carne y Arena kwenye tamasha la Cannes: dakika zipatazo sita na nusu, mtazamaji akitembea peku kwenye mchanga halisi huku akiishi safari ya wahamiaji mpakani mwa Marekani. Ilipewa Oscar maalumu. Nairobi nayo haikubaki nyuma. Mwaka huohuo Nest Collective walitoa Let This Be a Warning, kuhusu Waafrika waliohamia sayari ya mbali na kufikiwa na mgeni asiyealikwa, na Ng'endo Mukii akatoa Nairobi Berries. Wote walikwishaona kwamba hadithi zetu zinaweza kusimuliwa kwa duara bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Anayetaka kujaribu aanze na kamera ndogo ya lenzi mbili, ambayo hukodishwa kwa siku. Iweke kwenye kimo cha macho ya mtu na usiitembeze, maana kamera inayotembea huleta kichefuchefu. Wahusika wasisimame kwenye mshono, pale picha za lenzi mbili zinapokutana, la sivyo sura zitakatika. Wewe na wenzako mjifiche kweli, kwa kuwa hakuna "nyuma ya kamera". Taa ziwe sehemu ya mahali: kibatari, dirisha, taa ya barabarani. Halafu wekeza kwenye sauti. Mtu husikia nyuma ya kichwa kabla hajaona, na mlango ukilia upande wa kushoto atageuka mwenyewe. Hiyo ndiyo fremu yako mpya.

Kuna badiliko jingine ambalo mtazamaji wa kawaida halioni. Jon Favreau alipotengeneza upya The Lion King mwaka 2019, timu yake ilikuja Kenya kutazama mandhari na mwanga, kisha savana nzima ikajengwa ndani ya kompyuta. Mpiga picha Caleb Deschanel na wenzake walivaa miwani ya VR, wakaingia humo, wakachagua pa kuweka kamera. Favreau alieleza kwamba ni picha moja tu, ile ya mawio ya mwanzo, iliyopigwa kwa kamera halisi. Mwaka huohuo tamthilia ya The Mandalorian ilitumia kuta za skrini za LED kuwa mandhari, badala ya kusafiri. Linanigusa jambo hili. Mwanga ulikuwa wa kwetu, kazi zikafanyika kwingine. Dawa ya kuanzia ni ujuzi, na programu kama Blender hazilipiwi: kijana wa Kariakoo mwenye kompyuta yenye nguvu kidogo anaweza kujenga seti yake, kupanga picha zake zote humo, na kufika siku ya kurekodi akijua kila lenzi itakaa wapi.

Afya, usafi na taarifa za mtu

Kizunguzungu huja macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halihisi. Anayevaa kwa mara ya kwanza akae kwenye kiti, avae kwa dakika chache, avue mara tu jasho jembamba linapoanza. Mwenye kifafa aulize daktari kwanza. Kuhusu umri, fuata maelekezo ya mtengenezaji. Meta, kwa mfano, tangu mwaka 2023 inaruhusu watoto kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Futa sehemu inayogusa uso baada ya kila mtu. Waliopitia mlipuko wa macho mekundu mwanzoni mwa 2024 wanajua sababu. Na usiiache miwani juani hata dakika chache, kwani lenzi zake hukusanya jua na kuunguza skrini.

Taarifa za mvaaji zinastahili tahadhari kubwa kuliko kizunguzungu. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford waliweza kuwatambua watu 511 kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutumia mwendo wa kichwa na mikono pekee, kwa rekodi ya chini ya dakika tano. Namna unavyogeuka ni utambulisho wako. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Shule itumie akaunti za shule zisizo na majina wala tarehe za kuzaliwa za watoto, izime kipaza sauti na kamera pale somo lisipovihitaji, na mzazi apewe karatasi ya kusaini kabla ya siku ya somo, ikieleza ni taarifa gani zinachukuliwa, zinahifadhiwa wapi, na nani wa kumwomba azifute.