Bandu Bandu Huisha Gogo: Somo la Kubana Matumizi na Kuweka Akiba Nyumbani

Mwezi Januari ukifika, wazazi wengi wa Kwale hujipata na haja tatu kwa wakati mmoja: karo, sare za shule na chakula. Mara nyingi pesa za haja hizo zilipita mkononi kati ya Julai na Desemba, lakini zilitoka kumi kumi na ishirini ishirini bila mtu kuziona. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Somo hili linaeleza jinsi familia inavyoweza kutambua mahali gogo lake linapobanduliwa, na jinsi ya kugeuza vibanzi hivyo kuwa akiba.

Bei zilizotumika humu ni za mfano wa kufanyia hesabu tu. Kila mkaazi aweke bei za duka lake, kisha apige hesabu upya.

Hatua ya kwanza: daftari la siku saba

Hakuna anayeweza kuziba tundu asilolijua lilipo. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kuandika. Daftari la mtoto la kurasa 32 linatosha. Kila jioni, baada ya chakula, baba, mama na kila anayeshika pesa za nyumba waandike walichotoa siku hiyo: unga, mboga, nauli, vocha, chai ya kibandani, ada ya kutoa pesa kwa wakala. Lengo la siku hizo saba ni kuona, si kulaumiana. Familia inayofanya daftari kuwa mahakama italiacha kabla ya siku ya tatu, na kila mmoja ataanza kuficha.

Siku ya nane, familia ijumlishe na kuuliza maswali matatu. Ni kitu gani kilinunuliwa zaidi ya mara tatu katika juma? Ni kitu gani kililipiwa na hakikutumika, kama chakula kilichomwagwa? Ni malipo gani hayakuleta chochote nyumbani, kama ada na riba? Majibu ya maswali hayo ndiyo matundu.

Bei ya kununua kidogo kidogo

Tuchukue mfano wa familia ya watu sita karibu na Ukunda. Baba ni mwendeshaji bodaboda, mama anauza mahamri. Pesa zao huingia kwa siku, nao hununua kwa siku. Kila siku wananunua vipakiti vinne vya sukari vya shilingi 10, kila kimoja gramu 50. Hiyo ni shilingi 40 kwa gramu 200. Kilo moja kwa njia hiyo huwagharimu shilingi 200, ilhali dukani kilo nzima ni shilingi 160. Jioni wananunua mafuta ya kupima ya shilingi 20, mililita 50. Lita moja kwa vipimo hivyo ni shilingi 400, ilhali chupa ya lita ni shilingi 320.

Kwa mwezi wa siku 30, familia hii inalipa shilingi 240 zaidi kwa sukari na shilingi 120 zaidi kwa mafuta. Jumla ni shilingi 360 kila mwezi, na hawajaongeza hata kijiko kimoja cha chakula.

Hapa wengi husema, na wana haki: "Anayepata kwa siku atatoa wapi shilingi 160 kwa mpigo?" Jibu ni kuanza na kitu kimoja tu. Mama wa mfano wetu anaweka shilingi 20 kila siku katika mkebe. Siku ya nane ana shilingi 160, ananunua kilo ya sukari. Kilo hiyo inadumu siku tano. Katika siku hizo tano, zile shilingi 40 za vipakiti haziendi dukani, zinaingia mkebeni. Siku ya nne mkebe una shilingi 160, yaani kilo inayofuata imeshapatikana. Shilingi 40 za siku ya tano ni faida. Kuanzia hapo sukari inajinunua yenyewe, na mama hahitaji tena kutoa shilingi 20 za mwanzo.

Faida hiyo ya shilingi 40 kila siku tano ikiachwa bila kuguswa, baada ya siku 40 inafika shilingi 320: bei ya lita ya mafuta. Mafuta nayo yanaanza kujinunua. Ndivyo familia yenye kipato cha siku inavyopanda ngazi kutoka kipakiti hadi kilo, bila mkopo.

Kuna tahadhari moja. Kitu kikiwa kingi nyumbani, mkono huwa mwepesi. Ikiwa kilo iliyopaswa kudumu siku tano inaisha kwa siku tatu, faida yote imepotea. Dawa yake ni kupima: sukari ya siku itolewe asubuhi na kuwekwa katika kopo dogo, na mfuko mkubwa ufungwe. Mafuta vilevile yamiminwe katika chupa ndogo. Majirani wawili au watatu wanaweza pia kuchanga, wakanunua mtungi mmoja wa mafuta na kugawana kwa kipimo.

Nafaka: kununua wakati wa mavuno, kuhifadhi vizuri

Mahindi huwa nafuu baada ya mavuno ya masika na hupanda bei kadiri ghala zinavyoisha. Familia au chama kinachonunua gunia wakati wa mavuno na kusaga kidogo kidogo kwenye kinu hulipa kidogo kuliko kununua pakiti za unga mwaka mzima. Lakini akiba ya mahindi yenye unyevu ni hatari. Ukungu unaoota humo huweza kutoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kupika.

Njia rahisi ya kupima ni hii: chupa kavu ya kioo itiwe chumvi kavu kidogo na konzi ya mahindi, ifunikwe, itikiswe kwa dakika chache, kisha iachwe itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu na yanahitaji kuanikwa tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Mahindi makavu yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yaliyooza au kubadilika rangi yasisagwe, na yasipewe kuku wala mbuzi.

Moto, stima na maji

Makaa na kuni hula pesa nyingi, na hasara kubwa hutokea kwenye nafaka kavu. Maharagwe, mbaazi na kunde zikilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ifunikwe. Viungo vikatwe kabla ya moto kuwashwa, si moto ukiwaka bure. Jiko lenye udongo ndani hushika joto kuliko jiko la bati tupu. Wali ukishachemka dakika chache, sufuria inaweza kufungwa kwa nguo kuukuu ndani ya kikapu kilichojazwa makumbi ya nazi, nao ukamalizia kuiva bila makaa. Jiko la makaa lisiwekwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi, kwani hewa yake huua bila harufu.

Upande wa stima, hesabu ni wati mara saa, gawa kwa 1,000. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hutumia uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo hutumia uniti 1.35 tu. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa kila asubuhi hula uniti 15 kwa mwezi. Nguo za juma zikipigwa pasi mara moja, matumizi hayo hupungua, kwa kuwa pasi haianzi kupashwa upya kila siku. Jambo hili lina uzito kwa sababu tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamewekwa katika ngazi tatu za bei: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaozidi 100. Ngazi huangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba ndogo inayokaribia uniti 30 inaweza kubaki katika ngazi ya chini kwa kubadilisha balbu mbili tu.

Maji nayo yahesabiwe. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza takriban lita 20 kwa siku, yaani mtungi mzima. Asiyeamini aweke ndoo chini yake usiku. Paa la mabati nalo ni kisima: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 5 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 20, hupokea lita 600. Hata yakipotea maji ya sehemu ya tano, hubaki lita 480, sawa na mitungi 24. Maji ya mwanzo yaachwe yasafishe paa, na ya kunywa yachemshwe au kutiwa dawa. Tangi lifunikwe ili mbu wasizalie humo.

Pesa zinazotoka bila kuleta kitu

Ada za simu ni tundu lisiloonekana. Kwa M-Pesa, kutoa shilingi 200 kwa wakala na kutoa shilingi 2,000 hutozwa ada moja. Anayetoa mara tano kwa juma analipa ada mara tano. Ni bora kupanga na kutoa mara moja, au kulipa moja kwa moja dukani.

Mikopo ya simu ni tundu kubwa zaidi. Mkopo wa shilingi 1,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 hulipwa shilingi 1,075. Shilingi 75 zaonekana kidogo. Lakini anayekopa, akalipa, akakopa tena kila mwezi, kwa mwaka ametoa shilingi 900 ili kutumia elfu ile ile. Mkopo wa kununua mzigo wa biashara unaweza kujilipa. Mkopo wa kununua unga hautajilipa, na mwezi ujao unga utahitajika tena pamoja na deni.

Akiba iwekwe wapi?

Akiba yapasa kugawanywa kwa kazi yake. Pesa za dharura ndogo zikae karibu, katika simu au mkebe. Pesa za karo zikae mahali pagumu kufikiwa kabla ya wakati, kama akaunti ya kufungia kwa muda au chama kinachogawa mwezi Desemba. Pesa za malengo ya miaka ziende katika SACCO. SACCO zinazopokea amana hupewa leseni na mamlaka ya SASRA, na mkaazi ana haki ya kuuliza leseni hiyo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Anayeahidi kurudisha pesa maradufu kwa wiki chache aepukwe, hata akiwa jamaa.

Chama nacho kiwe na daftari linaloonyeshwa wanachama wote kila kikao, na pesa zisilale nyumbani kwa mtu mmoja. Vikundi vinavyotaka kujisajili au kupata mafunzo vinaweza kuuliza kwa msimamizi wa wadi, ambaye atavielekeza kwa afisa anayehusika.

Kubana matumizi si kubana tumbo

Kuna mambo ambayo kuyakata si akiba bali ni kuahirisha gharama kubwa. Mlo wa mtoto mdogo usipunguzwe. Dawa zisikatizwe katikati kwa sababu mgonjwa amepata nafuu. Maji ya kunywa yasiache kutibiwa. Chandarua kilichochanika kishonwe au kibadilishwe.

Bima ya afya ni mojawapo ya mambo hayo. Chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mchango wa chini kwa familia isiyo na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka, na hulipwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha kila familia hutokana na tathmini ya hali yake. Usajili unaweza kufanywa kwa kupiga *147#. Kwa wengi, kikwazo ni kutoa 3,600 kwa mpigo.

Turudi kwa familia ya mfano wetu. Sukari na mafuta pekee viliwapotezea shilingi 360 kila mwezi, ambazo ni shilingi 4,320 kwa mwaka. Pesa hizo zikiingia mkebeni badala ya vipakitini, mchango wa chini wa SHA unalipwa na shilingi 720 zinabaki kwa vitabu vya Januari. Hawakuongezewa kipato wala hawakulala njaa. Pesa zilikuwa zao tangu mwanzo.

Zoezi la nyumbani

1. Kuandika matumizi yote ya nyumba kwa siku saba.
2. Kuchagua kitu kimoja kinachonunuliwa kidogo kidogo kila siku, na kupiga hesabu ya bei yake kwa kilo au lita.
3. Kuweka kiasi kidogo kila siku hadi kitu hicho kinunuliwe kwa kipimo kikubwa.
4. Kukipima kila asubuhi, na kuweka mkebeni pesa ambazo zingekinunua siku hiyo.
5. Baada ya mwezi, kuhesabu mkebe mbele ya familia nzima, watoto wakiwemo, na kukubaliana pesa hizo ni za nini.

Anayeziba tundu moja kila mwezi atakuwa ameziba sita kabla ya Januari, ikiwa ataanza mwezi Julai. Anayejaribu kuyaziba yote kwa siku moja huchoka mapema. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwanza kibaba kisiwe kimetoboka.