Dondoo muhimu: Yoga ya wazee ianzie kitini
Ukiwapangia yoga tiba wazee sita au wanane, anzia kitini, si mkekani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki, ili wasianguke. Na kuinuka kitini polepole, bila kushika kitu, hujenga mapaja yaleyale yanayomwinua mtu kitandani. Wapo watakaosema hiyo si yoga. Mbona pumzi ni ileile? Tena mwenye mifupa dhaifu hafai kujikunja sana mbele, wala mwenye presha ya macho kuinamisha kichwa chini. Waulize mapema, mmoja mmoja, faraghani. Kiti chenyewe kiegemee ukuta. Cha magurudumu hapana.