Kipimo Chako Kinastahili Hataza?

Tuseme unaishi Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu wamechimba kobalti hadi chini ya nyumba zao, na umetengeneza kijikaratasi kinachogeuka buluu kikichovywa kwenye mkojo wenye kobalti. Haja ipo: utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, uliochapishwa 2018, ulikuta kobalti nyingi katika mikojo ya wakazi wa Kasulo, hasa watoto. Lakini sheria ya Kongo ya tarehe 7 Januari 1982 haitoi hataza kwa sababu ya haja. Pamoja na upya, inadai ubunifu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Usiulize kama jirani yako angeweza kukibuni. Mfikirie mkemia wa kawaida, si bingwa, ila amesoma kila kilichoandikwa katika fani yake. Angefanya nini kabla hajasikia habari zako? Anajua kuwa thiosianati huigeuza kobalti buluu. Anajua chuma huleta wekundu unaoifunika buluu hiyo, na kwamba floridi huuzima. Ukiviweka vyote kwenye karatasi moja umefanya kazi ya maana, ila hujavumbua. Anajua pia kuwa maji huififisha buluu, ndiyo maana maabara huongeza asetoni. Basi kama kijikaratasi chako kinakolea ndani ya mkojo mtupu, bila asetoni, ng'ang'ania hapo hapo. Andika ulichofanya, tarehe, na majaribio yaliyogoma. Hayo ya kugoma yana uzito kuliko watu wanavyodhani.

Tazama Ebola. Mjini Kikwit, Kongo, katika mlipuko wa 1995, mtaalamu wa virusi Profesa Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakanusurika. Wazo la kutibu kwa kinga ya aliyepona lilikuwapo tangu karne ya 19. Baadaye, katika damu ya mtu aliyenusurika Kikwit, watafiti walipata kingamwili moja, mAb114. Wakati huo tegemeo lilikuwa mchanganyiko: dawa ya ZMapp ilikuwa na kingamwili 3, na mwaka 2007 kingamwili moja pekee ilishindwa kuwakinga nyani. mAb114 peke yake iliwaokoa nyani hata ilipotolewa siku 5 baada ya kuambukizwa, na katika majaribio ya mashariki mwa Kongo vifo vilikuwa takriban asilimia 35, dhidi ya 50 vya ZMapp. Wazo kongwe, matokeo yasiyotarajiwa: mimi ningejenga hoja juu ya hilo la pili.

Kabla ya kulipia ombi, pekua hifadhidata za hataza za Espacenet na Patentscope, ni bure. Usitafute "mkojo" tu. Tafuta kobalti, thiosianati, karatasi, kwa Kifaransa na Kiingereza, maana kinachokuangusha huenda kiliandikwa kwa ajili ya maji ya mgodi. Na usikitangaze bado, hata redioni. Kumbuka pia kuwa Kongo haimo katika OAPI wala ARIPO, mashirika ya hataza ya nchi za Afrika, kwa hiyo hataza ya Kinshasa haitakulinda ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia.