Je, Mtumwa Aweza Kushika Silaha? Swali Lililowagawanya Wapinzani wa Utumwa Marekani

Waulizaji wengi hutuletea swali hili: mtu aliyedhulumiwa, aliyenyang'anywa hata nafsi yake, je, ana haki ya kumzuia mdhalimu kwa silaha, au yampasa kuvumilia tu? Swali hili si jipya. Huko Marekani, katika miaka 30 iliyotangulia vita vya mwaka 1861, wacha Mungu waliouchukia utumwa kwa moyo mmoja walishindana juu yake, na yafaa tutazame walivyolijibu, maana walilijibu kwa matendo, wala si kwa maneno matupu.

Aliyesikika zaidi alikuwa William Lloyd Garrison, aliyeanzisha gazeti la The Liberator mjini Boston tarehe 1 Januari, 1831. Mzungu huyu aliyachukua mafundisho ya Injili ya kugeuza shavu la pili kama yalivyoandikwa, bila kuyapunguza. Chama alichosaidia kukiunda Philadelphia mwezi Desemba 1833 kilitangaza kwamba kinazikataa silaha, na kikawasihi watumwa nao wazikatae. Kazi ingefanywa kwa kuzindua dhamiri za watu. Tuwatendee haki watu hao: hawakuwa waoga. Mwaka 1835 Garrison aliburutwa kwa kamba katika njia za Boston.

Lakini wako walioona tangu mwanzo kuwa dhamiri ya mwenye watumwa haizinduki upesi. David Walker, mtu mweusi huru aliyeuza nguo kuukuu katika mji huo huo wa Boston, alikwisha andika mwaka 1829 kwamba kumpinga kwa nguvu mtu anayetaka kukuua si dhambi. Mwaka 1843 mchungaji Henry Highland Garnet, aliyezaliwa utumwani, aliwahimiza watumwa katika mkutano wa Buffalo wagome, hata ikiwa mwisho wake ni kufa. Mkutano ulikataa kuipitisha hotuba yake kwa tofauti ya kura moja tu. Miongoni mwa waliompinga alikuwa Frederick Douglass, mtoro wa utumwani, aliyekuwa bado anafuata njia ya Garrison.

Basi ni nini kilichombadilisha Douglass, na wengine wengi pamoja naye? Ni sheria. Mwezi Septemba 1850 serikali kuu ilipitisha sheria ya watoro. Kwa sheria hiyo mtu mweusi aliyeshikwa katika majimbo ya Kaskazini hakuruhusiwa kujitolea ushahidi mwenyewe. Msimamizi wa shauri alilipwa dola 10 akimrudisha utumwani, na dola 5 tu akimwachilia. Raia ye yote aliweza kuamriwa asaidie kumkamata mtoro, na aliyemficha alitishwa kwa faini ya dola 1,000 na kifungo cha miezi sita. Hebu pima, ndugu msomaji: utamzindua dhamiri hakimu ambaye sheria yenyewe imempa nyongeza ya dola tano ili asizinduke?

Mwaka mmoja baadaye jambo hili lilifika mlangoni pa mtu mmoja. William Parker alikuwa ametoroka Maryland akiwa kijana, akapanga nyumba karibu na kijiji cha Christiana, Pennsylvania. Yeye na jirani zake weusi walikuwa wameunda kikundi cha kujilinda na wanyang'anyi wa watu. Alfajiri ya tarehe 11 Septemba, 1851, alifika Edward Gorsuch, mwenye shamba wa Maryland, pamoja na mwanawe, jamaa wengine na ofisa wa serikali kuu mwenye hati, akiwatafuta watu wanne waliomtoroka mwaka 1849. Gorsuch alikuwa kiongozi wa darasa katika kanisa la Kimethodisti, na kabla ya risasi yalikuwapo mabishano ya Maandiko: Parker amesimulia jinsi alivyomtaka mzee huyo amwonyeshe ni wapi Maandiko yanamruhusu mtu kufanya biashara ya damu ya ndugu yake. Eliza, mkewe Parker, alipuliza baragumu dirishani, na jirani wakaja mbio na bunduki, miundu na marungu. Castner Hanway, Mzungu mwenye kinu cha kusaga nafaka, aliamriwa amsaidie ofisa, akakataa. Gorsuch aliambiwa aondoke, akaapa kwamba hatatoka bila mali yake. Mapigano yalipokwisha alikuwa amekufa, na mwanawe amejeruhiwa vibaya.

Serikali iliwashitaki watu 38 kwa uhaini, na Hanway, ambaye hakushika silaha yo yote, akatangulizwa mahakamani Philadelphia. Wazee wa baraza walimwona hana hatia kwa muda wa robo saa hivi, na mashitaka ya uhaini yakaanguka yote. Parker alikuwa amekwisha kimbilia Kanada. Aliyempeleka hadi kwenye meli huko Rochester ni Douglass, na Parker alimwachia bastola iliyoanguka mkononi mwa Gorsuch.

Wengine hutia kundi moja kisa hiki na matendo ya John Brown. Mimi sioni hivyo. Usiku wa tarehe 24 Mei, 1856, huko Kansas, watu wa Brown waliwatoa wanaume watano majumbani mwao, wakawaua kwa panga. Wala hakuna hata mmoja wao aliyemiliki mtumwa. Huko Christiana wenye silaha waliujia mlango wa Parker. Huko Kansas Brown ndiye aliyebisha hodi. Kuuchukia utumwa kulikuwa kumoja, lakini matendo hayakuwa mamoja. Na Brown alipoivamia ghala ya silaha ya Harpers Ferry mwezi Oktoba 1859, akiwa na wafuasi 21, wa kwanza kuuawa alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi huru, mfanyakazi wa reli.

Wiki chache kabla ya uvamizi huo Brown alikutana na Douglass kwa siri katika machimbo ya mawe karibu na Chambersburg, akamsihi waende pamoja. Douglass, ambaye sasa hakukataa tena silaha, alimwambia anaingia mtegoni, akakataa. Shields Green, mtoro aliyekuja na Douglass, alichagua kwenda na mzee huyo. Brown alinyongwa tarehe 2 Desemba, na Green tarehe 16 ya mwezi huo huo.

Mwaka 1863, vita vikiwa vimepamba moto na serikali imekubali kuwaandikisha watu weusi jeshini, Douglass alizunguka akiwaita vijana wachukue bunduki. Waliojiandikisha kabla vita havijaisha walipata kama 180,000, na miongoni mwa wa kwanza walikuwamo wanawe wawili, Lewis na Charles.