Mwizi wa Usiku, na Asubuhi Yake

SOMO LA KUJIFUNZA NYUMBANI
Someni kwanza: Kutoka 22:2-3, Ayubu 24:16, Mathayo 24:43, Zaburi 56:3

Somo hili ni lenu, ninyi wa hapa Mantapala na wenzetu wa Nchelenge na Kashikishi mnaopelekewa karatasi hizi. Wengi mmeniomba nifundishe juu ya jambo lililotupata nyumbani kwetu mwezi wa saba mwaka 2023. Nimechelewa, kwa sababu kila nilipoanza kuandika, hasira ndiyo iliyokuwa inaandika.

Kwanza habari yenyewe, maana pale kisimani imeongezewa mengi. Hawakuwa watu kumi. Sauti tulizosikia ni tatu. Hakuna aliyekatwa panga, na hawakupata kitu.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu, wakati ule wa baridi. Jumapili hiyo nilikuwa nimesimama madhabahuni nikatangaza kwa furaha kwamba mchango wa mabati umefika kwacha 4,600, na kwamba pesa ziko salama kwa Pasta. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe, mlango wa kanisa ukiwa wazi na wapita njia wakisikia. Mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Katikati ya usiku mke wangu alinigusa. Alisikia ukuta unakwaruzwa. Nyumba yetu, kama zenu, ni ya matofali ya udongo, na mtu alikuwa anachimba kwa chuma chini ya dirisha. Nikauliza, "Nani huyo?" Wakaacha kuchimba, wakaja mlangoni. Mmoja alisema kwa Kibemba, kisha kwa Kiswahili: tufungue, tutoe pesa za kanisa, la sivyo atapiga. Sikufungua, wala sikujibu tena. Mke wangu alikwisha kuwavuta watoto kutoka kwenye mkeka wao, akawalaza chini kwenye kona, mbali na mlango. Ndipo wakapiga, mara moja, kwa bunduki ile ya kienyeji. Vyuma vilipita kwenye ubao wa mlango vikaingia ukutani, juu ya mkeka ambao watoto walikuwa wamelalia dakika chache tu kabla.

Mke wangu akashika sufuria na mwiko akaanza kupiga kwa nguvu zake zote. Nyumba ya jirani ikajibu kwa sufuria yake, na ya pili, na ya tatu, mpaka bloku nzima ikawa kelele. Wale watu wakakimbilia porini.

Sasa tufungue Neno. Nilipokuwa chuo cha Biblia nilisoma sheria za Kutoka nikaona ni mambo ya ng'ombe na mashimo, nikapita haraka ili nifaulu mtihani. Tangu usiku ule nimezirudia mara nyingi. Katika Kutoka 22:2 Musa anasema juu ya mwizi anayekamatwa akiivunja nyumba, na neno la Kiebrania lililotumika pale maana yake ni kuchimba, kutoboa. Ayubu 24:16 inasema vivyo hivyo: wako watu wanaochimba nyumba gizani. Hata Bwana Yesu, anaposema juu ya mwenye nyumba ambaye hakujua saa ya kuja kwa mwizi, neno la Kigiriki ni lile la kutoboa ukuta. Kwa nini? Kwa sababu nyumba zao zilikuwa za udongo kama zetu. Watu wa mjini wenye kuta za simenti husoma mistari hii kama mfano tu. Sisi tunaielewa kwa masikio.

Sheria inasema nini basi? Mwizi akipigwa akafa wakati anatoboa usiku, mwenye nyumba hahesabiwi damu. Lakini jua likiwa limekwisha kumzukia, akiuawa, kuna hatia ya damu. Mwizi ni yuleyule, nyumba ni ileile, kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni mwanga.

Tufikiri pamoja kwa nini Mungu aliweka mpaka pale. Usiku mwenye nyumba haoni. Hajui kama aliyekuja anataka mbuzi au anataka roho. Hawezi kuita wazee, hawezi kujua ni mmoja au watano. Anayejitetea katika giza la namna hiyo Mungu anamhurumia. Asubuhi mambo ni mengine. Unaweza kumtazama mtu usoni, jirani yuko, mahakama iko. Na mstari wa 3 unaendelea: huyo mwizi lazima alipe; asipokuwa na kitu, auzwe kwa ajili ya wizi wake. Kuuzwa ni jambo zito, wala simaanishi turudi huko. Ila oneni kwamba hata mwizi, mbele za Mungu, ana damu ambayo inaweza kudaiwa mikononi mwa mtu mwema.

Mataifa ya zamani hayakuwa yote na mpaka huo. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala karne nyingi kabla ya Daudi, zilisema mtu akitoboa nyumba auawe mbele ya tundu lile alilotoboa. Hazikuuliza kama ni usiku au mchana.

Ndugu zangu, wengi wetu tumetembea katika sheria ya Hammurabi bila kujua jina lake. Tulioingia Zambia mwaka 2017 kutoka upande wa Pweto na Moba, tukapokelewa Kenani kabla ya Mantapala kufunguliwa mwezi wa kwanza mwaka 2018, tulikimbia nini? Tulikimbia watu waliochoma nyumba mchana kweupe kwa sababu mwenye nyumba alikuwa wa kabila fulani. Tulipotoka tuliacha milango, mbuzi na makaburi. Lakini tabia ya kutafuta mtu wa kubebeshwa kosa, hiyo ilivuka mpaka pamoja nasi, haikuandikishwa na mtu yeyote.

Nasema hivi kwa sababu ya yaliyotokea asubuhi ile, ambayo kisimani hayasimuliwi.

Kulipokucha, wanaume kama kumi na tano walikuja lupangoni kwetu na fimbo. Wengine walisema hawa ni Wazambia wa vijiji vya jirani. Wengine walisema hapana, aliyewaleta ni mtu wa ndani, maana walijua pesa za kanisa. Kisha jina likatajwa: kijana mmoja wa kwaya, ambaye alisaidia kuhesabu sadaka, na ambaye usiku ule hakulala nyumbani. Kabila lake ni la wachache katika bloku yetu. Hilo halikutamkwa, lakini kila mtu alilisikia.

Wakati huohuo kijana mwenyewe akatokea njiani na baiskeli, amechoka, amefunga gunia la chisense nyuma. Alikuwa ametoka Kashikishi kununua dagaa hao. Mnaojua ziwa la Mweru mnajua biashara hiyo: wavuvi wanatoka na taa usiku, ukitazama kutoka ufukweni utadhani kuna mji juu ya maji, na anayetaka bei nzuri lazima awepo mitumbwi inapoingia. Walimshusha kwenye baiskeli. Gunia likapasuliwa, dagaa wakamwagika chini. Mmoja alisema, "Pasta, sema tu neno."

Nami nilikaa kimya.

Sikukaa kimya kwa hekima. Nilikuwa nimetoka kuona tundu la risasi juu ya mkeka wa watoto wangu, nikataka mtu alipe, na huyu alikuwa karibu. Fimbo ya kwanza ilimpiga begani nikiwa natazama. Mke wangu ndiye aliyetoka nje na sufuria ile bado mkononi, akaniuliza mbele ya wote, "Papa, uliona uso wa mtu?" Nikasema, "Hapana." "Ulisikia sauti yake?" Nikasema, "Hapana." Akawageukia wanaume: "Basi mmesikia. Pasta hakuona mtu." Mzee mmoja wa kanisa akaingia katikati, fimbo zikateremka polepole.

Jua lilikuwa limekwisha kutoka. Sheria ya Kutoka nilikuwa nayo kabatini, yenye alama za kalamu. Aliyeitimiza ni mama ambaye hakusoma chuo.

Wako watakaosema polisi wako mbali na wanachelewa. Ni kweli walifika mchana. Lakini walikuja, wakaandika maelezo yetu, wakatoa vyuma ukutani. Mkimbizi anayo haki ya kushitaki polisi kama raia. Na sheria ya nchi hii si nyepesi kwa mambo haya: unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 15, na unaweza kufika kifungo cha maisha. Tena mfahamu kwamba Zambia iliondoa adhabu ya kifo mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022. Jaji mwenye mashahidi na wakili mbele yake haruhusiwi kuua. Sisi wenye fimbo na tetesi tunapata wapi ruhusa hiyo?

Sasa neno juu ya hofu. Baada ya usiku ule mtoto wetu mdogo alianza tena kukojoa mkekani, na mimi mwenyewe nilikuwa naamka kila panya akipita. Ndugu mmoja aliniambia kwamba mtumishi wa Mungu akiogopa, imani yake imepungua. Someni Zaburi 56:3. Mwenye zaburi anakiri kwamba iko siku anaogopa, na ni siku hiyohiyo anapomtumaini Mungu. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 11:26, anahesabu wanyang'anyi kati ya hatari alizopitia, na katika 7:5 anasema wazi kwamba ndani yake kulikuwa na hofu. Tulimhamishia mtoto mkeka kando ya mama yake, tukaacha kumgombeza, na tukakubali kila mmoja aseme usiku ule ulikuwaje kwake. Baada ya miezi mitatu alianza kulala mpaka asubuhi.

Baraza la kanisa limebadilisha mambo machache. Hesabu ya sadaka haitangazwi tena kwa kiasi. Inaandikwa katika daftari ambalo mshiriki yeyote anaweza kuomba kuliona. Pesa hazilali kwa Pasta. Zinawekwa kwenye simu chini ya majina ya watu watatu wanaochaguliwa. Namba ya polisi imebandikwa kwa kila kiongozi wa bloku. Na tumekubaliana kwamba wanyang'anyi wakifaulu kuingia, wapewe. Mabati ya kanisa hayanunuliwi kwa damu ya mtu. Ila usifungue mlango mwenyewe, usitoke nje kuwafuata, na sufuria iwe karibu.

Wale watatu hawajakamatwa mpaka leo. Kijana yule nilimwendea baada ya wiki mbili. Wiki mbili ni nyingi, najua. Nilimlipa chisense yake, nikamwomba msamaha kwa kukaa kimya kwangu. Alipokea pesa, akasema, "Asante, Pasta." Amehamia bloku nyingine. Tukikutana njiani ananiamkia vizuri. Kanisani hajarudi, na kiti chake katika kwaya hatujampa mtu.

Kwa mwezi ujao someni 1 Samweli 30 yote, habari za Siklagi, mji ambao Daudi alipewa akiwa mkimbizi. Angalieni hasa mstari wa 6, watu walitaka kumfanyia nini, na mistari ya 11 hadi 15, Mmisri yule aliyeokotwa shambani alikuwa ametoka kufanya nini, na kwa nini walimpa chakula kwanza.