SOMO: TUMBO LISILOPATANA NA MAZIWA

Safari hii tunatoka kidogo madhabahuni tunaingia jikoni. Akina mama wameomba tufundishe juu ya watu ambao wakinywa maziwa tumbo linajaa gesi, linanguruma, na baada ya saa moja au mbili wanakimbilia chooni. Tumekubali, maana jambo hili linagusa hata upendo wetu. Mtu anakunywa maziwa kwa jirani, usiku anaharisha, asubuhi anasema, "Wamenitilia sumu." Neno hilo likishatoka mdomoni, kulirudisha ni kazi ngumu.

Kwanza tuelewe mwili. Ndani ya maziwa kuna sukari inayoitwa laktosi. Ili itumike, utumbo mdogo hutoa kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho huikata vipande viwili. Mtoto mchanga anacho tele. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi kinaanza kupungua, na utu uzimani kinabaki kidogo sana. Laktosi ambayo haikukatwa hushuka mpaka utumbo mpana, vijidudu vya humo vinaichachusha, gesi inatokea, maji yanavutwa, na tumbo linaendesha. Duniani karibu theluthi mbili ya watu wazima wako hivi. Kwa hiyo wanaokunywa maziwa bila shida ndio wachache!

Anayedhani alitiliwa kitu ajipime. Aache maziwa wiki mbili. Kisha anywe glasi moja ya maziwa aliyoyachemsha yeye mwenyewe, nyumbani kwake, bila chakula kingine. Tumbo likifanya yale yale, basi jirani hana hatia, na inafaa aendee nyumba ile kwa amani. Lakini anayevimba midomo, kutoka vipele au kubanwa pumzi baada ya maziwa asijipime hivyo. Huo ni mzio, ni jambo jingine, aende zahanati na asiguse maziwa kabisa.

Tuseme na lile ambalo watu hulisema chini chini. Sisi tuliotoka Rumonge, Nyanza-Lac na ufuo wote ule tumesikia watu wakipimana makabila kwa pua, kwa urefu, hata kwa maziwa: anayeyaweza ni wa kule, asiyeyaweza ni wa huku. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya kupima mamia ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudani. Ni kweli waliona kwamba uwezo wa kumeng'enya maziwa ni mwingi zaidi kwa jamii za wafugaji, na kwamba ulizuka Afrika kwa njia yake, tofauti na ule wa Wazungu. Lakini waliona pia kuwa ndani ya kabila moja wako wanaoweza na wasioweza. Hata kati ya Wahadza, ambao ni wawindaji wasiofuga ng'ombe, wapo wanaoweza. Tumbo si kitambulisho. Ndugu wawili wa mama mmoja wanaweza kutofautiana.

Shida inabaki kwenye heshima. Kwetu Burundi watu husalimiana "Amashyo", yaani kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe, na mgeni akipewa maziwa amepewa kitu kikubwa. Abrahamu naye aliwaandalia wageni wake siagi na maziwa (Mwanzo 18:8). Kijana akifika ukweni akasukuma kikombe, baba mkwe ataumia. Ushauri wetu: apokee kwa mikono miwili, anywe kidogo pamoja na chakula, amshukuru, kisha aseme wazi, "Baba, tumbo langu halibebi mengi." Watu wengi wenye hali hii huvumilia hata glasi moja ikinywewa taratibu na chakula. Na mwenye nyumba naye asikasirike. Warumi 14:3 inahusu kula na kutokula, tuisome pamoja.

Sasa, maziwa gani? Kuchemsha ni lazima kwa ajili ya vijidudu, ila laktosi haiondoki kwa moto. Maziwa ya mbuzi nayo yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, na ya unga ni yale yale yaliyokaushwa. Yaliyoganda, yale tunayoita mtindi au ikivuguto, ni afadhali, kwa kuwa vijidudu vilivyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari. Samli karibu haina laktosi.

Wengi wanatuuliza, "Tukiacha maziwa, mifupa itakula nini?" Hapo watu wa ziwa tusijidharau. Glasi ya maziwa ina kalsiamu kama miligramu 300, na mtu mzima anahitaji kama 1000 kwa siku. Ndagala waliokaushwa vizuri, wakiliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu kuliko maziwa ukilinganisha uzito kwa uzito. Wale samaki tuliozoea kuwaona wameanikwa mchangani Rumonge ndio maziwa yetu! Tatizo ni pale mama anapowatoa vichwa na mifupa. Asifanye hivyo. Awasafishe mchanga, awakaange kidogo, awatwange wawe unga, atie kijiko kwenye sombe lenye mawese au kwenye uji wa mtoto aliyekwisha kuanza kula. Sombe lenyewe litwangwe na kuchemshwa sana ili sumu ya muhogo itoke. Lengalenga ni nzuri, lakini kalsiamu yake nyingi imefungwa, mwili hauipati yote.

Maziwa ya soja yanawezekana hata kambini. Loweka soja usiku kucha, toa maganda, twanga au saga na maji safi, chuja kwa kitambaa, kisha chemsha dakika 20 ukikoroga. Povu hupanda mapema na kudanganya kwamba yameiva. Endelea tu, maana soja mbichi inaumiza tumbo. Yana protini ya kutosha ila kalsiamu ni kidogo, kwa hiyo ndagala wasiachwe.

Kwa watoto tunaonya. Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Yana laktosi nyingi, na tumbo lake limeumbwa kwa hayo. Asipewe soja wala maji ya mchele badala yake. Mtoto mwenye utapiamlo mkali akipewa na zahanati chakula cha tiba cha karanga, ambacho huwa na unga wa maziwa, asinyimwe. Akiharisha, wahudumu waambiwe. Na kuhara kama maji ya mchele kusisingiziwe maziwa hata siku moja. Ufuo wetu unakijua kipindupindu. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti mkiwa njiani kwenda kituo cha afya, usiku huo huo.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani: Je, yuko mtu tuliyemshuku kwa ajili ya tumbo? Nani ataenda kwake, na lini? Akina mama wenye soja wakutane Jumatano baada ya maombi, waje na sufuria na kitambaa cha kuchujia.